Mwisho Ulioingia Ghalani

Mwisho wa kitabu uliingia ghalani ndani ya gunia la mahindi la Kibet, na foleni nzima ikakataa kusonga mpaka utoke.

Naitwa Isaiah. Ninalima Sugoi. Shule niliachia darasa la sita kwa sababu ng'ombe walihitaji mtu na mimi ndiye niliyekuwa karibu. Kusoma sikuacha. Watu wakisikia hivyo hudhani najisifu. Kuna walioacha shule wakaendelea kucheza mpira, mimi niliendelea kusoma, basi.

Wakati ule nilikuwa kwenye foleni ya ghala moja la mahindi pembeni mwa Eldoret. Trekta na trela vilikuwa vya shemeji yangu. Mahindi yalikuwa yangu, mavuno ya mwaka mzima, na yalikuwa makavu. Ukiyatafuna yanalia kama changarawe. Ghala halinunui mahindi yenye maji. Karani wa langoni, Madam Mercy, alikuwa na kipimo chenye ncha ndefu kama mkuki. Anakichoma guniani, anatazama namba, na ikipita kumi na tatu na nusu anakugeuza hata kama wewe ni mjomba wake. Mjomba wake alikuwa ameshageuzwa, tulimwona. Na turubai langu lilikuwa na tundu la kupitisha mbuzi. Kwa hiyo haja yangu ilikuwa moja tu, kuingia kabla ya mvua.

Foleni yenyewe ilikuwa imelala. Tulikuwa tumekaa siku kadhaa, trekta nyuma ya lori, lori nyuma ya trekta, kuanzia langoni mpaka barabarani. Watu walikuwa wameanza kufua nguo na kuzianika kwenye vioo vya pembeni.

Mimi nilikuwa na kitabu. Nilikipata kwa Sahra, ambaye wateja humwita Mama Hafsa. Duka lake liko mjini, kwenye ile mitaa ya nguo, na anauza mapazia, mashuka na chupa za chai. Vitabu viko nyuma ya mapazia. Huko hakuna kuchagua. Unasimama, yeye anakuuliza cha mwisho ulisoma nini na kilikuuma wapi, halafu anaingiza mkono nyuma ya pazia anakutolea kimoja. Ukimaliza unakirudisha kizima, unaongeza kidogo, unapewa kingine. Kizima. Hilo neno analisema akikutazama machoni. Vitabu vyangu vyote vinanuka pazia jipya, na hajawahi kunipa kibaya.

Hiki hakikuwa na jalada, kwa hiyo jina lake silijui. Mama mmoja ananunua shamba. Asubuhi ya kwanza anatoka na jembe, anakuta kaburi jipya kando ya ua. Anasoma msalaba. Jina ni lake.

Nilikuwa nakisoma juu ya trekta, nikapiga mayowe bila kujua. Nyuma yangu kulikuwa na pikapu ya Wanja, mwanamke anayenunua mahindi vijijini na kuyaleta ghalani. Akatoa kichwa dirishani.

"Mzee Isaiah, umeumwa na nini?"

"Kitabu."

"Kinasemaje?"

"Sikwambii. Kumsimulia mtu kitabu ni kama kumtafunia nyama. Kitafute usome."

"Nitakitafuta wapi na niko hapa kama gunia?"

Ndipo mazungumzo yakaanza, kila mtu akataja mahali anaponunua vitabu. Abdirahman, dereva wa lori lililokuwa nyuma ya Wanja, alisema hununua Nakuru, kwa fundi viatu fulani. Ukishonesha viatu viwili, anakupa kitabu kimoja.

"Na kama viatu havijaharibika?" Wanja akamuuliza.

"Nakata mshono mwenyewe, mama. Wallahi kuna mwaka nilitembea na ndala kwa sababu ya hadithi ya sehemu tatu."

Wanja akasema yeye hununua matangani. Mwalimu akifa, siku ya tatu familia huanza kutoa vitu nje, na vitabu ndivyo hutoka kwanza kwa sababu havikaliwi wala havilaliwi.

"Kwa hiyo ukisikia mwalimu anakohoa..." Abdirahman akasema.

"Naanza kuuliza anasoma nini. Kuna mmoja hapa karibu ana kabati zima. Nampelekea maziwa kila Jumapili, lakini anazidi kupata nafuu."

Kibet alikuwa mbele yangu na trekta lake, wa kwanza kwenye lango. Huyu ni kijana wa Turbo mwenye haraka ya kila kitu. Akasema yeye husoma kwenye bucha.

"Bucha gani inauza vitabu?"

"Nanunua nyama, nafungiwa na gazeti. Nikifika nyumbani nina nyama na habari."

Sasa, kwenye foleni ile kulikuwa na desturi. Gazeti halikuwa la mtu mmoja. Ukilinunua, unalivua kurasa papo hapo. Michezo inaenda mbele, matangazo ya vifo yanaenda kwa wazee, siasa unabaki nazo mwenyewe kama adhabu. Kisha kila mmoja akimaliza chake anapitisha nyuma. Hivyo gazeti moja linalisha malori mengi. Hakuna aliyewahi kuona kasoro katika mpango huo, kwa sababu gazeti halina mwisho.

Wanja ndiye aliyesema, "Si tukigawe?"

Najua mlivyofikiri. Hata mimi nililifikiria lile neno la Sahra, kizima, lakini kwa muda mfupi. Gundi ya mgongo ilikuwa imekauka, na gundi mpya inauzwa kila mahali. Tena nilifurahi. Nimewapendekezea watu vitabu miaka mingi, na kwa kawaida hunijibu kwamba wana kazi. Hawa walikuwa wananyoosha mikono. Kibet alikuwa ameshafungua kisu chake cha kukatia nyuzi za magunia.

Alikikata vipande vinne. Wanja akachukua cha kwanza. Cha pili, nilichokuwa nimeshasoma, kikaenda kwa Abdirahman, aliyesema ataanzia hapo na kurudi nyuma baadaye kama mtu aliyepitwa na kituo. Mimi nikabaki na cha tatu. Cha mwisho akakichukua Kibet.

"Wewe huwezi kuanza na mwisho," nikamwambia.

"Mzee, mimi hata gazeti nasoma kutoka nyuma. Mbele kuna nini? Ni mtu anazaliwa."

Lango likafunguliwa, akaitwa, akawasha trekta akaingia. Hakuna aliyemzuia, kwa sababu wote tulikuwa tunasoma.

Mimi nilimaliza kipande changu kabla ya chai. Mama yule anaamua kufukua. Anaita shemeji zake watatu, wanaume wasiopendana, na kila mmoja ana sababu ya kutotaka kaburi lifunguliwe. Wanachimba. Jembe linagonga ubao. Ukurasa unaisha hapo.

Nikainua macho. Kibet alikuwa anatoka kwa lango la pili, trela tupu, anapiga mluzi. Nikaruka chini nikasimama mbele ya trekta lake. Wanja akasimama kando yangu. Abdirahman akaja na kipande chake kimeshikwa kwa kidole.

"Kiko wapi?" nikamwuliza.

"Nini?"

"Usijifanye, Kibet. Mwisho."

Akajipapasa mifuko yote. Akapapasa hata kofia. Kisha uso ukabadilika.

"Gunia moja lilikuwa linavuja," akasema. "Madam Mercy akaniambia nilizibe ama nirudi nyumbani. Nikaziba."

"Uliziba na nini?"

"Si na kile kilichokuwa mkononi."

Wanja akashika kichwa. Abdirahman, mtu wa amani, akasema, "Ngoja. Amekisoma. Kibet, umekisoma?"

"Nimekisoma chote."

"Basi tuambie. Ndani ya kaburi kuna nani?"

"Wanafungua," Kibet akasema. "Wanatazama. Halafu yule mama anasema, 'Kumbe ni yeye!'"

Tukangoja.

"Yeye nani?"

"Mimi nitajuaje? Sikusoma mwanzo."

"Jina hawakutaja?"

"Walitaja, lakini jina la mtu usiyemjua linashikaje kichwani? Wote wanashangaa, mmoja anakimbia, halafu wanachinja mbuzi."

"Nani anakimbia?" Wanja akauliza. "Ni yule shemeji mwenye koti?"

"Hakuna mwenye koti."

"Yuko! Anavaa koti hata jua likiwaka, ndiyo siri yenyewe!"

"Labda alilivua kuchimba," Kibet akasema, na nikaona anajaribu kusaidia kwa moyo wote, kitu kilichozidi kunikasirisha.

Watu walikuwa wameshashuka kwenye malori. Habari ilikuwa imepita nyuma kwa desturi ile ile ya gazeti, na hata ambao hawakuona ukurasa mmoja walitaka kujua nani yumo kaburini. Mzee mmoja kutoka mkia wa foleni alisema kwao kulitokea kisa kama hicho, ilikuwa ndama.

Hapo Madam Mercy akafungua lango akaita, "Anayefuata!"

Anayefuata nilikuwa mimi.

"Madam," nikasema, "kuna karatasi kwenye gunia moja la Kibet. Tuletee kwanza."

"Gunia lipi?"

Kibet akasema, "Lile lililokuwa linavuja."

"Yote yenu yanavuja. Mzee, ingiza trekta."

"Mwisho kwanza!" mtu akapiga kelele kutoka nyuma. Wengine wakaitikia. Nimeishi Uasin Gishu maisha yangu yote, nimewaona wakulima wakiomba lango hilo lifunguliwe, wakilaani lango hilo, wakilala chini ya lango hilo. Sikuwahi kuwaona wakilikataa likiwa wazi.

Mercy akashika kiuno. "Mnagoma? Mnagomea nini? Bei?"

"Kaburi!" Wanja akasema.

Mercy akafunga lango polepole, kama mtu anayeondoka karibu na mbwa asiyemjua.

Ningeweza kuingia. Hilo nimeambiwa na kila mtu tangu siku ile, na mke wangu hunikumbusha nikiwa nimeshaweka tonge mdomoni. Lango lilikuwa wazi, mahindi yalikuwa makavu. Lakini jembe lilikuwa limegonga ubao. Mtu hawezi kuuza mahindi na jembe limegonga ubao.

Nikamwambia Abdirahman, "Nilindie trekta. Naenda mjini kwa Mama Hafsa. Labda ana nakala nyingine."

"Nenda, mzee. Trekta halitaguswa."

Mawingu yalikuwa yameanza kutoka upande wa Timboroa. Niliyaona. Nilipanda boda.

Sahra alikuwa anapima pazia la mtu. Alinitazama mikono. Ilikuwa mitupu.

"Mzee Isaiah. Kitabu changu kiko wapi?"

"Kinasomwa."

"Na nani?"

"Na watu wengi."

Akaacha pazia. "Kwa wakati mmoja?"

Akavuta stuli akakaa. Hakupiga kelele, na afadhali angepiga.

"Umekikata."

"Kibet alikata. Mama Hafsa, una kingine kama hicho?"

"Kingine kama hicho? Mimi na wewe tunajuana miaka mingapi? Hapa kila kitabu kiko peke yake, kama mtoto wa mtu."

"Basi niambie mwisho tu. Nani yumo?"

"Umesoma?"

"Mpaka ubao."

Nikaona macho yake yakiwaka. Alikuwa anaujua. Alikuwa anaupenda. Mdomo ukafunguka kidogo, kisha akaufunga.

"Hapana," akasema. "Mimi nauza kitabu kizima na napokea kitabu kizima. Mwisho hauuzwi rejareja. Lete vipande vyote vinne, hata kama vimeshonwa na uzi wa gunia, nitakupa kingine. Bila hivyo, njoo ununue shuka."

Nikatoka. Karibu na soko kuna jamaa anayetandaza vitabu juu ya nailoni. Nikamweleza. Akasikiliza vizuri, akisugua kidevu.

"Hicho sina. Lakini kama shida yako ni mwisho, ninayo mingi." Akafungua gunia. Ndani kulikuwa na nusu za vitabu, nyuma tupu. "Mbele huanguka kwa mvua. Unataka mwisho wa aina gani? Wa harusi? Wa mahakama?"

"Wa kaburi."

"Kaburi linafungwa au linafunguliwa?"

"Linafunguliwa."

Akachakura. "Nina hapa mmoja wa sanduku la fedha linafunguliwa. Wasomaji wengi hawatambui tofauti."

Tone la kwanza lilianguka juu ya sanduku lake la fedha. La pili lilianguka shingoni mwangu. Kufumba na kufumbua, Eldoret nzima ilikuwa imejibanza chini ya mabati, na mimi niko juu ya boda nimejifunika na nailoni ya jamaa, aliyokuwa akiidai kwa sauti huku tukimwacha.

Nilipofika, maji yalikuwa yanatiririka chini ya trela langu, ya rangi ya unga. Abdirahman alikuwa amekaa juu ya kiti cha trekta, amelowa mpaka mifupa, mikono kwenye usukani.

"Halijaguswa," akasema.

"Na mahindi?"

Akageuka, akaangalia trela kwa mara ya kwanza. "Mzee, ulisema trekta."

Wanja akaja mbio na mwavuli. "Umepatikana! Mwisho umepatikana!"

Madam Mercy alikuwa ameshindwa kuvumilia. Baada ya sisi kumgomea, alirudi ndani akaanza kuchoma magunia ya Kibet moja moja kwa ule mkuki wake, mpaka ncha ikatoka na kipande cha karatasi chenye neno "ubao." Akafungua gunia, akatoa kurasa zote, zimejikunja lakini ziko salama. Akazisoma akiwa amesimama. Kisha akatuma mtu nje kumwomba Wanja amwazime mwanzo.

Nikakimbia langoni. Mercy alikuwa dirishani, macho mekundu.

"Madam, nipe."

"Haitoki," akasema.

"Haitoki vipi? Ni kitabu changu."

"Kilikuwa. Gunia liliwekwa kwenye mizani na karatasi ikiwa ndani. Imepimwa, imepokelewa, Kibet ametia sahihi. Nikiitoa nje, nitakuwa nimetoa mahindi ya ghala bila kibali. Hiyo si karatasi sasa, mzee. Ni mahindi."

"Niingie nisome basi."

"Nimeibandika ukutani chumba cha mizani, kila mtu atasoma akipima. Lakini hapa mtu haingii. Yanaingia mahindi, mtu anafuata mahindi yake."

"Abdirahman akiingia atanipigia picha."

"Simu zinabaki kwa mlinzi. Unajua." Akachukua mkuki. "Lete yako tuone."

Tukaenda kwenye trela. Alitafuta sehemu nzuri, lazima niseme hivyo. Alizunguka, akachoma pembeni, akachoma katikati, akachoma gunia la chini kabisa. Kila mara aliangalia namba kisha akakifuta kipimo kwa shati, kana kwamba kipimo ndicho kilichokuwa kimelowa.

"Kumi na tisa," akasema mwishowe. "Pole, Mzee Isaiah. Ulikuwa nayo makavu, ukakataa kuingia."

Nikatoa trekta kwenye foleni kwa mkono wangu mwenyewe. Foleni ikasonga kama haijawahi kusonga. Watu waliokuwa wamegoma walikuwa sasa wanapigiana honi.

Wanja aliingia. Nilimngojea lango la pili chini ya mvua. Alitoka anaendesha polepole, shavu limelowa, na dirisha lilikuwa limefungwa kwa hiyo haikuwa mvua.

"Nani?" nikamwuliza.

Akateremsha kioo. "Mzee, sikuwahi kufikiria. Hata siku moja. Na ukirudi nyuma unaona ilikuwa wazi tangu siku ya shamba."

"Nani, Wanja?"

Akanitazama kwa huruma ya kweli. "Kukusimulia? Nikutafunie nyama? Wewe mwenyewe uliniambia."

Abdirahman alipotoka alisimamisha lori, akashuka, akanikumbatia, akapanda tena. Hata mzee wa ndama alitoka akitikisa kichwa na kusema haikuwa ndama.

Kibet peke yake ndiye aliyekuwa tayari kunisaidia. Aliniita kando akaniambia, "Mzee, nimekumbuka kitu kingine. Yule mbuzi alikuwa mweupe."

Bado nakutana nao mjini. Wananipendekezea vitabu. Juzi Wanja alinishika mkono mbele ya benki akaniambia kuna kimoja nikitafute sana, mwisho wake unakaribia ule wa kaburi, ingawa hauufikii.

Basi gharama ni hii. Magunia kumi na manne yaliota ndani ya trela, yakaliwa na nguruwe wa jirani. Mengine niliyaanika mara mbili, yakakauka na ukungu ambao ghala halipokei, nikayauza kwa watu wa chakula cha kuku. Nafasi moja kwenye foleni, ya mbele kabisa. Trekta moja, ambalo shemeji haniazimi tena. Nailoni moja ya mtu wa sokoni, niliyorudisha ikiwa na tundu. Duka moja la vitabu, ambako sasa hununua mashuka; ninayo manane. Kitabu kimoja, vipande vitatu, vimefungwa na uzi wa gunia juu ya kabati la jikoni. Na kaburi moja lililo wazi, sijui la nani.